Taa za Dunnaby na Trei ya Mayai

Barua ilifika Jumatatu, na aliyeifungua ni mimi, Merle Trezise, kwa sababu katibu wa kamati ya usalama ya Mullagundi ni mimi. Nimekuwa katibu miaka tisa kwa kosa moja tu la kwenda chooni wakati wa uchaguzi. Barua ilitoka Mfuko wa Mitaa Salama, ule wa serikali unaogawia miji fedha za kuzuia uhalifu. Ilianza kwa kutupongeza. Mji wetu, iliandika, haujaripoti tukio hata moja la uhalifu kwa miaka sita mfululizo, na hilo ni jambo la kujivunia. Aya ya pili ikasema kwamba kwa sababu hiyohiyo hatupati kitu.

Niliisoma mara mbili nimesimama, mara ya tatu nikakaa. Jamani, mtu unakaa kwa adabu miaka sita, halafu unaambiwa adabu yako ndiyo iliyokuponza. Nikaweka birika jikoni nikasahau kuliwasha.

Nieleze tulikuwa tunaomba nini. Tulikuwa tunaomba taa za kiwanja cha netiboli. Kwenye fomu niliandika ni taa za kuzuia uhalifu, maana fomu ilitaka hivyo, lakini kila mtu Mullagundi alijua ni za netiboli. Ligi ilikuwa imetoa amri: kiwanja kisicho na taa msimu huu hakichezewi, na timu isiyo na kiwanja inaunganishwa na timu ya jirani. Mkaguzi wa ligi angekuja Ijumaa ya mwisho ya Machi, jua likizama. Tusipokuwa na taa siku hiyo, Mullagundi kwisha. Tungekuwa sehemu ya Dunnaby.

Dunnaby iko kilomita arobaini kutoka kwetu, upande wa Mto Murray. Wana watu elfu mbili na supamaketi, na wanajiona. Mwalimu wa timu yao ni Glenys, mdogo wangu wa tumbo moja, ambaye pia ni katibu wa kamati yao ya usalama. Aliolewa huko miaka thelathini na minne iliyopita, na tangu siku hiyo anatuulizia habari zetu kwa sauti ya mtu anayeulizia wagonjwa. Timu yao inavaa njano. Mimi nimevaa kijani tangu nina miaka tisa, kwanza nikicheza, sasa nikifundisha, na nilishasema mbele ya mchungaji kwamba siku nitakayovaa sketi ya njano wanizike nayo, maana nitakuwa nimekufa kwa aibu.

Sasa mgao wenyewe ulikuwa hivi. Jiji kuu linachukua fungu lake kwanza, kwa kuwa lina watu wengi na wanasiasa wengi. Kinachobaki wanagawiana miji midogo kwa kuhesabu kesi zilizoandikwa polisi katika miezi kumi na miwili iliyopita. Mwenye kesi nyingi anapata kingi. Dunnaby walikuwa na kesi sitini na moja, maana Glenys anaripoti kila kitu. Mwaka ule aliripoti kasuku aliyemtukana kutoka juu ya nguzo ya simu, na kasuku huyo alihesabiwa.

Sisi tulikuwa na sifuri. Na si kwamba Mullagundi watu hawachukuliani vitu, la hasha. Hatufanyi kingine. Ukihitaji kitu cha jirani unakichukua, kwa sababu jirani yuko shambani kilomita nane na trekta linanguruma, utamsubiri mpaka lini? Unachukua, unaacha kikaratasi chini ya jiwe, unaweka na kitu kidogo cha shukrani, mara nyingi mayai. Funguo za gari zinakaa kwenye gari, la sivyo mwenzio atalitumiaje? Ngazi ya mzee Clarrie Noske ilitoka kwake mwaka tisini na nne na hajaiona tena, lakini yeye ana ngazi tatu za watu wengine, kwa hiyo halalamiki. Hakuna aliyewahi kuuita mtindo huo wizi. Tuliuita Jumanne, siku kama siku nyingine.

Basi nikaitisha mkutano ukumbini. Walikuja watu hamsini, na kwa mji wa watu mia mbili na kumi na mbili huo ni umati. Nikawasomea barua. Nikawaambia hatuna haja ya kusema uongo hata kidogo, maana sheria inasema wazi: kuchukua kitu cha mtu bila ruhusa yake ni wizi, na bila ruhusa ndivyo tunavyoishi. Kinachotakiwa ni kila mtu aende kituoni akaripoti alichochukuliwa. Basi.

Aliyepinga ni Konstebo Fergus Yeo, polisi wetu pekee. Afande Yeo yuko Mullagundi mwaka wa kumi na moja, na kazi yake kubwa ni kupima mvua kila asubuhi na kuandika kwenye ubao nje ya kituo. Alisimama akiwa ameshika kofia mkononi akasema hili jambo halimkai vizuri. Nikamuuliza mashine ya kukata nyasi anayotumia ni ya nani. Akasema ni ya mama Zerna, jirani yake. Nikamuuliza kama aliomba. Akakaa chini.

Wiki mbili zilizofuata kituo chetu kilikuwa na foleni. Watu walikuja na vikaratasi vyao walivyovitunza miaka, wengine kwenye maboksi ya viatu. Afande Yeo aliandika mpaka kalamu ikaisha wino, akachukua ya kwangu, nami nikairipoti hapohapo. Kesi zikafika mia moja arobaini na tatu. Shida ni kwamba kila mlalamikaji alikuwa pia mtuhumiwa, kwa hiyo mtu akishamaliza kutoa maelezo anahamia kiti cha pili kuhojiwa. Mzee Clarrie peke yake alitajwa katika kesi thelathini na nane. Ana miaka sabini na tisa na hajawahi kuwa wa kwanza katika jambo lolote, hata kwao alizaliwa wa saba. Alitembea barabarani wiki nzima akiwaambia watu kwamba yeye ni jambazi sugu.

Nikatuma hesabu mpya na fomu ya rufaa. Baada ya siku tisa nikapigiwa simu kutoka mjini. Sauti ya mwanamke, ya upole, ikaniambia kwamba Mullagundi sasa ndiyo yenye uhalifu mkubwa kuliko mahali popote katika jimbo ukilinganisha na idadi ya watu, na kwamba wizara ina wasiwasi mkubwa juu ya usalama wetu. Anakuja mwenyewe kutuona, Alhamisi. Nikamwambia karibu sana, na aje kwa uangalifu.

Siku tatu zilizobaki nilizitumia kuwafundisha watu kuishi kwa hofu. Kazi ngumu hiyo nakwambia. Niliwaambia wafunge milango, ikagundulika kwamba nusu ya milango ya Mullagundi haina funguo, na mama Zerna aliyekuwa na ufunguo akajifungia nje akalala kwa mwanawe. Nilifunga mnyororo kwenye kisanduku changu cha mayai kando ya barabara, kile ambacho mtu anachukua mayai na kudumbukiza hela mwenyewe. Asubuhi nikakuta mnyororo umechukuliwa na kikaratasi kimeachwa: mtu alihitaji kumfunga fahali.

Alhamisi akafika. Anaitwa Bi Ranasinghe, mwanamke wa makamo, mfupi, miwani imening'inia kifuani, na gari jeupe la serikali linalong'aa. Nilimpokea ukumbini kwa chai na skonsi, nikampangia mashahidi. Nilikuwa nimewaambia wasitabasamu.

Wa kwanza alikuwa Zerna. Bi Ranasinghe akamuuliza aliibiwa nini. Zerna akasema toroli. Akamuuliza kama anamfahamu mwizi. Akasema ndiyo, ni Clarrie, amekaa pale mlangoni anakula skonsi. Clarrie akapunga mkono. Akamuuliza kama tukio lile limemwachia woga wowote. Zerna akafikiri sana, akaniangalia mimi, akasema woga wake mkubwa ni kwamba Clarrie atalirudisha halafu atataka arudishiwe mashine yake ya kuchomelea. Nilimkanyaga mguu chini ya meza lakini maneno yalikwisha toka.

Wakapita wengine kumi na mmoja, kila mmoja akiharibu kuliko aliyemtangulia. Bi Ranasinghe alikuwa anaandika taratibu. Alipomaliza akavua miwani, akashukuru, akasema angependa kwenda kuona kiwanja hicho kinachohitaji taa. Tukatoka nje.

Gari halikuwepo.

Palikuwa na alama za matairi, na jiwe, na chini ya jiwe kikaratasi. Kando yake trei ya mayai. Bi Ranasinghe akaokota kikaratasi akakisoma kwa sauti yake ileile ya upole: "Nimechukua gari. Kondoo wangu mgonjwa na pikapu yangu anayo polisi. Narudi saa kumi. Mayai ni yako. C. Noske."

Nikageuka, na kweli, kiti cha Clarrie pale mlangoni kilikuwa kitupu. Nasema ukweli wangu, moyo uliniruka kwa furaha. Gari la serikali, mchana kweupe, mbele ya ofisa wa kuzuia uhalifu! Hata kasuku wa Glenys asingefua dafu. Nikamwambia Bi Ranasinghe pole sana mama, unaona sasa tunavyoishi. Nikamwita Afande Yeo aje kuandika kesi.

Afande Yeo akakisoma kikaratasi, akayahesabu mayai. Akasema kwa heshima zote yeye haoni kesi hapa, mtu ameaga.

Tukamngojea Clarrie saa tatu nzima. Bi Ranasinghe hakugomba. Alikaa kwenye ngazi za ukumbi, akala skonsi ya pili na ya tatu, akauliza habari za mvua, na Afande Yeo aliyekuwa hajaulizwa swali hilo na mgeni maishani mwake akamletea daftari la miaka kumi na mmoja. Kila aliyepita alimuuliza kama anahitaji gari, akamwonyesha la kwake, funguo zimo. Saa kumi kasoro dakika tano Clarrie akaingia. Gari limeoshwa. Tangi limejazwa. Kondoo amekaa kiti cha nyuma, amefungwa mkanda, macho maangavu kabisa, amepona.

Bi Ranasinghe akalizunguka gari lake mara moja. Akampa Clarrie mkono, akamuuliza kondoo anaitwaje. Kisha akanivuta kando.

"Bi Merle," akaniambia, "mimi nagawa fedha za kuzuia uhalifu. Hapa hakuna cha kuzuia. Nikiandika vinginevyo nitakuwa mwongo, na nyinyi mtaletewa polisi kumi na kamera kila kona. Mnataka hivyo?"

Nikamwambia tunachotaka ni taa, basi. Akasema anajua, ameshaona pete za magoli zilivyopakwa rangi mpya. Akasema utaratibu wa mgao hakuubuni yeye. Angekuwa yeye angewapa waliotulia ili wasichoke kutulia. Nikamuuliza kwa hiyo tufanyeje, tuibe kweli? Akavaa miwani, akasema masikio yake siku hizi hayasikii vizuri, akaingia kwenye gari na mayai yake. Nilisimama barabarani mpaka vumbi likatulia, na sikuwa na hasira naye hata kidogo, jambo lililonikera zaidi.

Katikati ya Machi matokeo yakatoka kwenye gazeti. Jiji kuu limepata lake. Dunnaby wamepata taa nane za kukokotwa, zile za mnara mrefu juu ya trela, kila moja na jenereta yake. Mullagundi imepata cheti cha pongezi, kimewekwa fremu. Taa nane Dunnaby wakazipanga kwenye maegesho nyuma ya supamaketi ili kuwafukuza vijana wanaozurura jioni. Vijana wakafurahi sana, wakaleta mpira na magongo, wakawa wanacheza kriketi pale.

Nilimeza kiburi changu chote, na ni kingi, nikampigia Glenys. Nikamwita mdogo wangu, neno ambalo sijalitumia tangu mazishi ya mama. Nikamwomba taa mbili, msimu mmoja tu. Akaniambia haiwezekani, amesaini karatasi, mali ya Mfuko haiazimwi wala haivuki mpaka wa mji kwa ridhaa ya kamati. Alilisoma sharti lote kwenye simu, pamoja na tanbihi. Nikamwambia Glenys, ni mimi. Akasema, "Nimekuwekea sketi, dada. Saizi yako. Nimeiachia kidogo kiunoni."

Nilikata simu, nikatoka nje, nikawafokea kuku ambao hawakuwa na kosa. Kilichoniuma zaidi si sketi. Niliwaza wasichana wangu kumi na wawili, na mama zao niliowafundisha kabla yao, na kile kiwanja tulichokipiga lami wenyewe kwa mikono. Nililia kule kwenye banda la kuku, nasema wazi. Halafu nikajifuta uso, na nikiwa bado na kitambaa mkononi likanijia swali: hivi ni lini mtu wa Mullagundi amewahi kuomba kitu?

Jumanne iliyofuata nilimwambia Afande Yeo kwamba leo, saa sita mchana, ninakwenda kuchukua kitu Dunnaby na kuacha kikaratasi. Sikutaka kumficha. Afande akatazama angani, akasema siku nzima atakuwa bize kupima mvua. Mvua haikuwa imenyesha tangu Novemba.

Nikaenda na Clarrie kwa trekta lake, polepole, magari yakitupita na kutupungia. Tulivaa vizibao vya reflekta tunavyovaa siku zote shambani, na kumbe mjini ukivaa kizibao cha reflekta hakuna anayekuuliza kitu. Tulipofika nyuma ya supamaketi mlinzi alitusaidia kuunganisha trela ya kwanza. Ya pili tuliifunga nyuma ya ya kwanza, kwa mnyororo wangu, ambao Clarrie alikuwa nao kumbe. Bwana mmoja mwenye kofia akasimamisha magari ili tupite. Akatuuliza kama tunazipeleka matengenezo. Clarrie akamjibu kwamba tunaziiba. Bwana yule akacheka mpaka akashika mbavu, akatufungulia njia.

Kabla ya kuondoka niliweka jiwe pale zilipokuwa, na kikaratasi chini yake: "Tumechukua taa mbili. Tutarudisha msimu ukiisha. Mayai ni yenu. M." Trei nilichagua yenye mayai makubwa.

Ijumaa ikafika. Tatizo lilikuwa moja: kila mnara ulibandikwa karatasi ya njano, herufi za ukubwa wa mkono wangu, MALI YA MJI WA DUNNABY. Haikubanduka kwa maji ya moto wala kwa kisu. Nikazifunika zote mbili kwa mataulo ya jikoni, nikafunga kwa kamba. Mkaguzi wa ligi, bwana mrefu mkimya aitwaye Oakeshott, akafika saa moja kasoro akiwa na ubao wake wa kuandikia. Wasichana wamevaa kijani, wamepanga mstari. Mji mzima umekuja. Afande Yeo akawasha jenereta, na kiwanja chetu kikawaka chote, mistari yote unaiona mpaka kokoto. Mama Zerna akaanza kupiga makofi peke yake. Oakeshott akapima mwanga kwenye kona nne, akatikisa kichwa kukubali, akatoa kalamu.

Hapo ndipo gari la njano likaingia. Glenys.

Akashuka na koti lake la timu, na mkoba, akaja moja kwa moja kando ya kiwanja bila kumsalimu mtu. Na upepo nao, kama umetumwa, ukanyanyua taulo la kwanza, karatasi ya njano yote nje. Oakeshott akaisoma. Akamtazama Glenys, ambaye anamfahamu miaka yote kama katibu wa Dunnaby. Akamuuliza hizi taa si zao?

Nilijua imekwisha. Sheria ya ligi inataka taa ziwe zimepatikana kwa njia halali, na mdogo wangu alikuwa na neno moja tu la kusema. Glenys akautazama mnara kutoka chini hadi juu, taratibu, kama anayechagua pazia.

"Zetu ziliibwa Jumanne," akasema. "Niliripoti mwenyewe. Mwizi hajulikani. Hizi sizijui."

Oakeshott akasema lakini karatasi imeandikwa Dunnaby. Glenys akamjibu kwamba karatasi inaweza kuandikwa chochote, hata kasuku aliwahi kumwita yeye jina ambalo si lake. Mkaguzi akatutazama mimi na yeye, pua zetu zileile za baba, akatazama saa. Akasaini.

Watu walipiga kelele mpaka kondoo wakajibu. Wasichana wakaanza kucheza hapohapo. Mimi nilikuwa nalia tena, nimegeukia upande wa ghala la ngano ili wasione. Glenys akaja akasimama karibu yangu bila kunigusa, maana sisi hatugusani. Akafungua mkoba akatoa kikaratasi changu.

"Mwandiko mbaya kama wa mama," akasema. "Na mayai mawili yalikuwa yamepasuka."

Nikamuuliza kwa nini. Akaanza kunieleza kwa sauti ya ukatibu: ameshapiga simu kwenye Mfuko, wizi wa taa za usalama ni kesi nzito, umeonyesha wazi kwamba Dunnaby bado hakuko salama, kwa hiyo mwakani wataongezewa taa sita. Mwakani nichukue nne, na nije na tairi la akiba kwa sababu trela ya tatu ina pancha. Aliniambia pia kwamba aliposema haiazimwi kwa ridhaa ya kamati alikuwa ananiambia nije nichukue bila ridhaa, na kwamba aliweka mlinzi mwenye tabia nzuri makusudi, akanisubiri wiki nzima akidhani nimezeeka.

Nikamwambia hilo silo nililouliza.

Akawatazama wasichana wa kijani. Taa zilimwangazia uso, nikaona naye amezeeka. "Miaka thelathini na minne nakufunga, Merle," akasema. "Ukivaa njano nitamfunga nani?"

Nikamkumbusha kwamba mwaka wa kumi na sita na mwaka wa ishirini na mbili tulimfunga sisi. Akasema mwaka wa ishirini na mbili mwamuzi alikuwa mume wangu mimi. Tukabishana hilo mpaka chai ikaletwa, na baada ya chai tukaendelea.

Nilirudi nyumbani nimechoka, nimefurahi. Uani pangu nikaona pengo pale linapokaa toroli langu. Palikuwa na jiwe, na chini ya jiwe kikaratasi: "Nimechukua toroli. G." Mayai hakuacha, ana kuku gani yule. Aliacha sketi ya njano, imekunjwa vizuri juu ya trei yangu tupu.

Asubuhi Afande Yeo alipita akaliona pengo. Akaniuliza kama nataka kuripoti, maana mtuhumiwa ni mtu wa Dunnaby na kesi ingehesabika kwetu. Nikamwambia toroli limeazimwa tu. Sketi niko nayo kabatini. Niliijaribu mara moja, mlango nimefunga. Ilinikaa vizuri sana, na hilo nalo hakuna atakayeliripoti.